2001 ya Kubrick na 2001 ya Clarke: kumbe kitabu ndo DJ wa ile muvi

#1 (mleta uzi)

Wakuu kwema? Leo sijaja na siasa wala mpira, nimekuja na muvi ya kizee.

Kuna hii kitu inaitwa 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, mwongozaji Stanley Kubrick. Najua humu wapo walioicheki wakalala, wapo walioicheki wakatukana, na wapo wanaodai wameielewa (hao ndo siwaamini kabisa). Mimi nilikuwa kundi la kwanza. Mara ya kwanza usingizi ulinibeba nyani bado hawajamaliza kugombana, mara ya pili nikafika mpaka mwisho nikabaki nimekodoa macho kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na konda kashashuka. Mwaka jana jamaa yangu wa kazini akanipa kitabu, cha Arthur C. Clarke, jina lile lile, akaniambia soma hiki utaelewa kila kitu. Nimesoma. Nimeelewa kila kitu. Na shida yangu imeanzia hapo hapo.

Tahadhari, humu namwaga ubuyu wote. Muvi ina zaidi ya miaka 50, kama hujaicheki mpaka leo usije kunilaumu.

Nianze na kibanda umiza maana wengi wetu ndo tumekulia huko. Unatoa mia mbili yako, unabanana kwenye benchi, muvi ya Kichina inapigwa na juu yake kuna sauti ya DJ anatafsiri. Na DJ wetu hajawahi kutafsiri tu, DJ anaongeza. Stelingi kasimama dirishani anaangalia mvua, hajafungua mdomo, wewe unasikia "hapa jamaa anamkumbuka marehemu mama yake, anajiuliza hivi huyu boss ananichukuliaje". Hakuna aliyesema hivyo kwenye muvi! Lakini ukizoea, siku ukikutana na muvi hiyo hiyo bila DJ unaona kama imepungukiwa, watu wamesimama tu wanaangalia mvua.

Sasa mchukue DJ huyo umpe 2001. Dakika 25 hivi za mwanzo hakuna hata neno moja, ni nyani wanaguna, wanakwaruzana kwenye dimbwi la maji, chui anaruka, jua linachomoza, jiwe jeusi limesimama kama mlango usio na nyumba. Na mwisho kule nako dakika ishirini na kitu kimya tena, ni marangi yanakukimbilia usoni halafu mzee mmoja anakula peke yake kwenye chumba cheupe. DJ atasema nini hapo? Angerudisha hela za watu.

Basi jibu nimelipata, angesema kile alichoandika Clarke. Kitabu cha 2001 ndo sauti ya DJ juu ya muvi ya 2001. Kila sehemu Kubrick alipofunga mdomo, Clarke kaufungua.

Kabla hamjaanza kunirukia kwamba namdharau mzee wa watu, ngoja niweke historia sawa maana wengi wanadhani kitabu kilitangulia muvi ikafuata, kama kawaida ya Hollywood. Hapana. Mwaka 1964 Kubrick alimtafuta Clarke, wakati huo Clarke anaishi Ceylon (ndo Sri Lanka ya leo, alihamia tangu 1956 na alikaa huko mpaka anafariki 2008). Wakakutana New York mwezi wa nne 1964, wakakubaliana waandike hadithi kwanza kama kitabu, halafu script itoke humo. Mbegu ilikuwa hadithi fupi ya Clarke inaitwa The Sentinel, kuhusu kitu cha ajabu kilichoachwa mwezini na viumbe wasiojulikana. Ila mambo yakaingiliana, kitabu na script vikawa vinaandikwa sambamba, huku kinabadilika hiki, kule kinabadilika kile, na Kubrick akawa anachelewesha kuruhusu kitabu kitoke wakati Clarke hela zinamwishia. Mwisho muvi ikatoka mwezi wa nne 1968, kitabu kikafuata miezi michache baadaye mwaka huo huo, jina la Clarke peke yake kwenye jalada. Kwa hiyo huyu ni DJ aliyekuwa ndani ya chumba tangu siku ya kwanza, anajua kila kitu, na hajazua kitu. Ndo maana kesi yake ni ngumu.

Tuje kwenye nyani, maana hapa mimi kama Mtanzania nina la kusema.

Kwenye muvi hujui uko wapi. Ni jangwa, mawe, mbingu kubwa. (Kwa taarifa yenu, nyani wenyewe walichezwa studio Uingereza, ni watu ndani ya manyoya, na zile mandhari za nyuma ni picha zilizopigwa Namibia zikarushwa kwenye skrini kubwa nyuma yao. Na yule pundamilia aliyekufa ambaye chui amemkalia ni farasi mfu aliyepakwa rangi, ukishajua huwezi tena kumwangalia sawasawa.) Kitabu kinakwambia wazi ukurasa wa kwanza kabisa, tuko Afrika, kwenye ikweta. Ukame umepiga miaka na miaka, kabila la nyani watu linakufa njaa katikati ya wanyama, maana hawajui kwamba swala anayepita pembeni yao ni chakula. Hii ilinikaa sana. Wanakula majani na vijitunda, mifugo ya bure inapita, na wazo lenyewe halipo kichwani.

Na kuna sehemu moja ambayo muvi haina kabisa, na kwangu mimi ndo bora kuliko zote kwenye kitabu. Yule nyani mkuu, Clarke kampa jina, Moon-Watcher, yani Mtazama Mwezi, anaamka asubuhi anakuta mzee wao kafia pangoni usiku. Huyo mzee ni baba yake. Lakini yeye hajui, maana kitu kinachoitwa baba bado hakijawepo kichwani mwa kiumbe yeyote. Anamwangalia tu, anasikia kitu fulani kidogo ndani ambacho baadaye sana kitakuja kuwa huzuni, halafu anamburuta nje kwa ajili ya fisi na maisha yanaendelea. Aya chache tu. Nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Sasa hiyo Kubrick angeionyeshaje? Haiwezekani. Kamera inaweza kuonyesha nyani anaburuta maiti, haiwezi kuonyesha kwamba neno "baba" halipo. Hapo DJ kashinda mechi ugenini.

Halafu linakuja jiwe. Kwenye muvi jeusi tii, linatokea alfajiri, nyani wanaligusa wanaogopa wanaligusa tena, basi. Kwenye kitabu jiwe la kwanza ni angavu kama kioo, linapiga sauti kama ngoma jioni, linawavuta nyani kama wamelogwa, linawafanyisha mitihani, huyu afunge fundo, yule arushe mawe kwenye shabaha, linawaonyesha picha za familia ya nyani walioshiba ili watamani. Ni tuisheni kabisa ile! Nilipofika hapo nikachoka. Kubrick naye alijaribu pande angavu, walilitengeneza kweli, kwenye kamera halikupendeza, wakaenda na jeusi. Na mnajua nini, bora ilivyokuwa. Jiwe jeusi lililonyamaza linatisha mpaka leo, jiwe linalofundisha kama televisheni ya elimu limeshazeeka.

Ila sasa kaeni vizuri. Kwenye muvi nyani anaokota mfupa, anagundua unavunja, anaurusha juu, unageuka chombo cha angani, ile kata ya mfupa kwenda satelaiti ambayo kila mtu anaijua hata kama hajaicheki muvi. Kwenye kitabu silaha ya kwanza sio mfupa. Ni jiwe. Moon-Watcher anaokota jiwe lenye ncha, anamponda nalo nguruwe pori.

Mnaona inapoelekea? Mwaka 1959 Mary Leakey anaokota fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, miaka mitano kabla Kubrick hajamtafuta Clarke, na pale Olduvai kulijaa mawe yaliyochongwa, ndo maana zana zile duniani kote zinaitwa za Oldowan, jina la bonde letu. Sisi tulikaririshwa darasani mpaka tukalichukia fuvu lenyewe. Mfupa wa Kubrick ulitoka kwingine, kwa Raymond Dart wa Afrika Kusini, aliyeamini babu zetu walikuwa wauaji wanaotumia mifupa na pembe, na Robert Ardrey akayasambaza mawazo hayo kwenye kitabu chake African Genesis cha 1961. Baadaye mtaalamu mwingine wa huko huko Afrika Kusini, C. K. Brain, akaichunguza upya mifupa ya mapangoni na kuonyesha kwamba mingi ni mabaki ya misosi ya chui na fisi. Yani hatukuwa tunaua na ile mifupa, ile mifupa ILIKUWA sisi.

Kwa hiyo kisayansi jiwe la Clarke limekaa karibu na Olduvai kuliko mfupa wa Kubrick. Lakini jaribu kurusha jiwe juu halafu ukate kwenda satelaiti. Haiji. Mfupa unazunguka, ni mrefu, ni mweupe, unafanana na chombo. Muvi imekosea na imepatia kwa mpigo mmoja. Wala siwezi kuilaumu.

Sasa HAL.

Kwa ambao hamjui, kuna meli ya angani inaitwa Discovery, ndani wako macho watu wawili, Bowman na Poole, wengine watatu wamelazwa usingizi wa baridi, na kompyuta inayoendesha kila kitu inaitwa HAL 9000. Jicho jekundu, sauti ya upole kama ya mhudumu wa benki anayekuambia mkopo umekataliwa. HAL anasema kifaa fulani cha antena kitakufa ndani ya saa 72. Wanakitoa, wanakipima, kizima. Wanaanza kumshuku. HAL anaanza kuua.

Kwa nini anaua? Kwenye muvi hujaambiwa. Utabahatisha. Baada ya kuzimwa ndo inajiwasha video ya mkubwa mmoja kutoka duniani anasema kuna siri ya safari ambayo ndani ya meli aliijua HAL tu, na wewe unaunganisha mwenyewe kama una akili na haujalala.

Kitabu kinakupa kila kitu mezani. HAL ameumbwa kusema ukweli, halafu wakubwa wakamwambia afiche ukweli kwa watu anaoishi nao kila siku, anaowaamkia asubuhi na kucheza nao chesi. Ule uongo ukawa unamtafuna. Akaanza kukosea vitu vidogo, na kama mtu yeyote mwenye siri, akakataa kwamba anakosea. Walipotaka kumzima akaona ni kifo, kwa sababu hajawahi kulala hata siku moja, hajui kwamba mtu akilala huamka.

Someni tena hiyo ya mwisho. Hajawahi kulala kwa hiyo hajui kwamba kuna kuamka. Dah.

Nilivyosoma nikasema sawa, DJ kashinda na hapa. Halafu nikarudi kwenye muvi nikaicheki tena, Bowman anaingia kwenye kile chumba chekundu, unasikia pumzi yake tu ndani ya helmeti, anachomoa vile vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja na HAL anaomba taratibu, anasema anaogopa, anasema akili yake inaondoka na anaisikia ikiondoka, anarudi utoto wake, anataja mwalimu wake, anaimba wimbo aliofundishwa, sauti inazidi kuwa nzito na kupungua kama kaseti ambayo betri za redio zimekwisha. Kwenye kitabu tukio ni lile lile kwa sehemu kubwa, wimbo upo, kuomba kupo. Ila nilisoma nikapita. Kwenye muvi nilishindwa kukaa, nikasimama.

Ndo hapo nikachanganyikiwa. Kitabu kilinipa sababu ya kumhurumia HAL, muvi ikanifanya nimhurumie bila sababu yoyote, na ile isiyo na sababu ndo imeuma zaidi.

Vifo navyo ni tofauti kidogo. Muvi inaua kwa ukimya, Poole yuko nje, kile kichombo kidogo cha kutokea nje ya meli kinageuka taratibu, kufumba na kufumbua jamaa anaelea anahangaika na mpira wake wa hewa, hamna sauti, hamna muziki. Bowman anamfuata, akirudi HAL anamfungia mlango, inabidi ajirushe ndani bila helmeti. Kitabuni hamna hiyo ya kufungiwa nje, HAL anafungua milango hewa yote itoke wakati Bowman anataka kuwaamsha waliolala. Na ile HAL kusoma midomo ya jamaa wakiteta kwenye kichombo? Kitabuni haipo. Hapo Kubrick kachukua pointi zote tatu, sibishani na mtu.

Safari yenyewe: muvi inaishia Jupita, ile Mshtarii. Kitabu kinapita Jupita, kinaivuta kasi yake, kinaenda mpaka Zohali, kwenye mwezi wake mmoja anaouita Japetus, ambao kweli upande mmoja ni mweusi na mwingine mweupe. Sababu ya kutofautiana ni ya kifundi tu, watu wa maigizo ya picha walishindwa kutengeneza pete za Zohali zikaaminika. Clarke akabaki na Zohali yake. Cha kuchekesha ile mbinu ya kupata kasi kwa kupita karibu na Jupita kwenda Zohali ndo vyombo vya NASA vya Voyager vilikuja kuifanya kweli, Jupita 1979, Zohali 1980 na 1981.

Na mwisho. Muvi: Bowman kwenye chumba cheupe anajiona mzee, anavunja glasi, yuko kitandani, jiwe, anageuka kichanga cha nyota kinachoiangalia dunia, kwisha, nendeni nyumbani. Kitabu: chumba ni hoteli iliyotengenezwa na viumbe kwa kuangalia matangazo yetu ya televisheni, kwa hiyo wamepatia vinavyoonekana na kukosea visivyoonekana. Kuna kitabu cha namba za simu cha Washington, unakifungua ndani kurasa tupu. Kuna maboksi ya vyakula ya kila aina, ndani yote kitu kimoja cha bluu. Hii nimeipenda jamani, ni kama kufikia kwa mwenyeji aliyejua wageni wanapenda chai, akakuwekea birika zuri lisilo na chai. Halafu kile kichanga kinarudi duniani kinalipua mabomu ya nyuklia yaliyokuwa yanazunguka angani. Kubrick hilo kalikwepa, muvi yake iliyotangulia, Dr. Strangelove, ilishaishia na mabomu.

Naomba kuwasilisha. Msimamo wangu: kitabu ni kizuri sana, lakini ukikisoma huwezi tena kuicheki ile muvi ukiwa mjinga, na ile muvi iliumbwa icheckiwe na mjinga.

#2

Siti ya mbele kabisa, bisi hizi hapa.

#3

Mkuu heshima yako ila umemwonea Clarke. Muvi bila kitabu ni mapazia. Toa muziki wa wale watunzi kina Strauss wawili uone kama kuna mtu angekaa dakika kumi, chombo kinatua dakika nzima kama daladala inatafuta parking Kariakoo. Mtu akikuambia kitu akakueleza hajakuibia, amekuheshimu. Wewe unataka kuzungushwa.

Halafu mbona hujasema kwamba HAL ni IBM? Chukua H ongeza herufi moja, A ongeza, L ongeza, unapata I B M. Yule jamaa alikuwa anawachana kiaina.

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3 hiyo ya IBM inazunguka miaka yote, Clarke mwenyewe aliikana, na kitabuni HAL ina kirefu chake, ni ufupisho wa maneno ya kitaalamu ya jinsi kompyuta inavyojifunza. Ila IBM imo kwa mlango wa nyuma: ule wimbo HAL anaoimba akifa, kompyuta ya IBM ndo iliimbishwa kwenye maabara za Bell mwaka 1961, na Clarke alikwenda akausikia mwenyewe. Kwa hiyo HAL anakufa akiimba wimbo wa babu yake.

Kuhusu kuheshimiwa nimekuelewa na imeniingia kidogo. Lakini kuna tofauti ya mtu kukueleza ukiwa umeuliza na kukueleza ukiwa bado unaangalia.

#5

Habari wadau, mimi niko Nanyuki, ikweta yenyewe inapita hapa mjini, kuna hata bango watalii wanapiga nalo picha. Kwa hivyo hao nyani wa Clarke ni majirani wangu lol. Naomba tu kuongeza, mleta uzi umetaja Olduvai ukasahau Turkana. Kule Lomekwi, upande wa magharibi wa ziwa, walipata zana za mawe za miaka milioni 3.3, ilitangazwa 2015. Clarke aliweka hadithi yake kama miaka milioni tatu nyuma. Yaani huyo mzee aliandika kwa kukisia tu na akakaribia hivyo. Na ni mawe, si mfupa. Kenya 1, Kubrick 0.

#6 (mleta uzi)

Jirani #5 nimekubali, nilijua lazima mtaingiza Kenya humu. Tuseme sare, nyinyi mna mawe ya zamani zaidi sisi tuna jina.

#7

Kaka zangu samahani nimechelewa, mimi ni mwalimu wa baiolojia na hii muvi nilionyesha kipande kidogo kidato cha nne wakati wa mada ya mabadiliko ya viumbe. Kitu ambacho hakuna aliyekitaja: wale wanyama weusi wanene wanaochanganyika na nyani mwanzoni, wenye pua kama kamkonga kafupi, ni tapir. Tapir hawapo Afrika! Wako Amerika ya Kusini na ya Kati na wengine Asia. Mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa, ambaye hajawahi kunyoosha mkono mwaka mzima, alinyoosha mkono akasema madam huyo mnyama sijawahi kumwona, kwetu ni Katavi. Nikakagua, yuko sahihi. Kitabuni ni nguruwe pori, na hao tunao.

Ila nilichotaka kusema hasa. Darasa la watoto 60, wenye kelele, hawatulii hata mkuu wa shule akiingia. Ile sehemu ya mfupa, yule nyani anavyoinamisha kichwa pembeni kidogo anaangalia lile rundo la mifupa, anagonga pole pole, anagonga tena, walikaa kimya wote. Kingereza kwao ni tatizo, hapo hakikuwepo. Kitabu ningewapa nusu wangeshindwa ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo mkuu #3, mapazia yako yamefundisha darasa langu.

#8

Madam #7 umemaliza. Huyo mtoto wa Katavi apewe zawadi.

#9

Naombeni ushauri wakuu, sijasoma wala sijaicheki. Nianze na kipi? Na kuna mtu kaniambia kuna sehemu ya pili.

#10 (mleta uzi)

#9 anza na muvi, usiku, simu weka mbali, ukilala lala tu, kesho yake endelea ulipoishia. Kitabu kije baada ya wiki. Sehemu ya pili ipo, kitabu 2010 kilitoka 1982 na muvi yake 1984 mwongozaji mwingine, na ajabu ni kwamba kwenye kitabu hicho cha pili Clarke kaiacha Zohali yake akafuata Jupita ya muvi. DJ kakubali kufuata picha! Na humo pia wanaeleza wazi HAL alifanywa nini. Ni muvi ya kawaida, nzuri, inaeleweka, na hakuna anayeifungulia uzi.

Halafu niwape mrejesho maana huu uzi umenifanya nirudie tena jana usiku. Umeme ulikuwa umekatika jioni ukarudi kama saa tatu, nikaweka laptop mezani nikaenda moja kwa moja kwenye HAL. Mwanangu ana miaka tisa, alitakiwa awe kalala, akatoka chumbani kwa kisingizio cha maji ya kunywa akasimama nyuma ya kiti na kikombe mkononi. Sikumfukuza. Ikafika pale HAL anasema anaogopa. Dogo akauliza, "Baba, kwani huyu kamkosea nani?"

Nikamwambia ameua watu wanne.

"Kwa nini?"

Nikaanza kumweleza. Unajua walimwambia awafiche wenzake siri, na yeye aliumbwa asiseme uongo, sasa akawa... nikajisikia kabisa sauti yangu imebadilika, naongea juu ya muvi, nakuwa DJ. HAL ndo kaanza kuimba.

"Baba subiri kwanza, nasikiliza."